UZI: Wakizima mtandao ng'ambo, sisi wa Busia na Malaba tunalipa nini?

1/ Uganda walipiga kura tarehe 15 Januari 2026. Kila msimu wa uchaguzi nikifungua simu naona mabishano yale yale: serikali ina haki ya kuzima mtandao wakati wa uchaguzi, ama haina? Wengi wanaobishana wako Nairobi na Kampala. Mimi niko Busia, upande wa Kenya, hatua chache kutoka kwa geti. Hebu nieleze hii kitu kutoka hapa. Uzi ni mrefu, tafuta chai.

2/ Masharti ni yale ya siku zote. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukitaja kwa majibu nitapita tu kama sijaona. Leo tunaongea kuhusu swichi: nani anaishika, inazimwa vipi, sheria inasema nini, na ikizimwa nani analipa.

3/ Kwa wale hawajafika huku: Busia ni mji mmoja ulio na nchi mbili ndani yake. Ukienda juu kidogo unafika Malaba, nayo ni hivyo hivyo. Malaba ndiko trela nyingi zinapita zikielekea Kampala, Kigali, Juba na Kongo. Busia ina trela pia, lakini roho ya mji ni biashara ndogo: mahindi, samaki, nyanya, mitumba. Hata neno "boda boda" lilizaliwa huku mpakani, wakati baiskeli zilikuwa zinabeba watu kutoka boda hii hadi boda ile.

4/ Mtu wa huku ana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda. Mnara wa simu haujui mpaka. Unaweza kuwa umekaa kwako nyumbani Kenya unakula ugali, simu inaruka inakukaribisha Uganda. Tangu mwaka 2014 nchi hizi zilikubaliana bei za kupigiana simu zishuke, kwa hivyo kupiga ng'ambo si gharama kubwa kama zamani. Lakini biashara siku hizi iko WhatsApp. Picha ya mzigo, bei, risiti, "nimefika geti", yote ni huko.

5/ Na pesa iko kwa simu. Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007, Uganda wakaanza yao 2009. Mama anayevuka na mzigo hataki kutembea na noti jioni. Anataka alipwe kwa laini ya ng'ambo, alale salama. Kwa hivyo mtu akisema "mtandao" huku, usifikirie vijana na TikTok peke yake. Fikiria geti, sanduku la pesa na soko, vyote vimewekwa ndani ya kitu kimoja chenye swichi.

6/ Sasa historia. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi Uganda, watu waliamka wakapata Facebook, Twitter na WhatsApp hazifunguki. Kampuni ya MTN ilitangaza wazi kwamba mdhibiti wa mawasiliano wa huko, UCC, ameiagiza ifunge mitandao ya kijamii pamoja na huduma ya kutuma pesa kwa simu. Sababu iliyotolewa ni usalama na utulivu wa umma. Mwezi Mei mwaka ule ule, wakati wa kuapishwa, mitandao ya kijamii ikafungwa tena.

7/ Siku hiyo ya Februari nilikuwa nasimamia kibanda cha pesa cha jamaa yangu. Mama mmoja alikuwa amevusha magunia sita ya mahindi na mnunuzi alikuwa tayari. Pesa ilikuwa kwa laini ya MTN ya mnunuzi, na haikutoka. Mkokoteni ulikaa juani kutoka asubuhi. Jioni alikubali noti za Kenya, akaenda kuzibadilisha barabarani, na wale wa kubadilisha pesa walikuwa wameshajua watu wamekwama. Bei waliyompa ilikula faida yote. Hakuwa amepiga kelele za siasa mahali popote. Kadi ya kura yenyewe alisema ameiacha nyumbani.

8/ Mwaka 2018 ikaja njia nyingine, ya kodi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018, ukiwa Uganda ulilipa shilingi 200 za Uganda kila siku ndiyo ufungue WhatsApp, Facebook au Twitter. Ukisikia 200 unaweza kucheka, ni kama shilingi saba za kwetu hivi. Lakini piga hesabu ya mwezi kwa mtu anayeuza mboga, tena kabla hajanunua bando. Watu wengi wakakimbilia VPN, wengine wakaacha kabisa.

9/ Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021 na badala yake ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Naitaja kwa sababu kwenye mijadala watu husema "hakuna aliyefungiwa, ni kodi tu". Bei pia ni aina ya kufuli. Tofauti yake ni kwamba inamfungia maskini, mwenye pesa anapita. Hoja hii ishike, hata kwetu Kenya kila msimu wa bajeti inarudi kwa sura nyingine.

10/ Halafu 2021. Uchaguzi ulikuwa tarehe 14 Januari. Siku chache kabla, Facebook ilikuwa imefunga akaunti kadhaa za upande wa serikali, ikidai zinatumiwa kudanganya umma. Serikali nayo ikaifungia Facebook. Halafu jioni ya tarehe 13 mtandao wote ukaenda, nchi nzima. Ulirudi tarehe 18. Mitandao mingine ya kijamii ilifunguliwa wiki kadhaa baadaye. Facebook imebaki imefungwa mpaka leo ninapoandika. Mtu wa Busia Uganda akitaka kuona tangazo langu la Facebook kwa laini yake, lazima atumie VPN.

11/ Siku hizo tano huku kwetu zilikuwa kama sikukuu mbaya. Watu walivuka kuja Kenya kutafuta mtandao. Wanafunzi, maajenti wa mizigo, mtu anataka tu kumwambia ndugu yake aliye Dubai kwamba yuko hai. Wengine walitafuta laini za Kenya kwa bei yoyote. Kuna waliojitolea kusajili laini kwa kitambulisho chao wakampa mtu wasiyemjua. Nitarudi kwa hilo, ni hatari.

12/ Katika siku hizo ndipo niliona kitu ambacho wanaotetea kuzima huwa hawakisemi. Kwa grupu letu la soko ikaingia sauti, mtu anaongea kwa haraka: "Boda inafungwa usiku huu, jeshi linakuja, okoeni mali." Siku ya kawaida uongo kama huo hauishi dakika tano. Mtu wa ng'ambo anapiga picha ya geti, anaituma, tunamtukana aliyesambaza, tunaendelea. Siku hiyo wa ng'ambo walikuwa gizani. Hakuna picha iliyokuja.

13/ Kuna mama Mteso tunayemheshimu sana sokoni, sote tunamwita Toto. Alikuwa na makreti ya nyanya za kuvusha asubuhi. Aliposikia ile sauti akauza zote usiku huo huo kwa jamaa mmoja, kwa bei ya kutupa. Asubuhi geti liko wazi. Yule jamaa alivuka na nyanya za Toto akaziuza ng'ambo kwa bei nzuri. Toto hakumlaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe unayejua simu, kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Na mimi nilikuwa nimeiamini ile sauti.

14/ Sasa tuje kwa hoja zenyewe. Kwanza, swichi inafanyaje kazi? Hakuna chumba chenye swichi moja nyekundu. Mdhibiti anaandikia kampuni za simu barua. Kampuni inafanya kazi kwa leseni, na leseni hutolewa na huyo huyo mdhibiti. Kwa hivyo kampuni ikipata barua inatii kwanza, maswali baadaye. Ndio maana kulaumu kampuni peke yake hakutoshi, na kuisamehe kabisa pia si sawa. Angalau ile ya 2016 ilisema hadharani nani ameagiza.

15/ Kuna aina tatu za kuzima. Ya kwanza, kufunga programu fulani, kama WhatsApp au Facebook. Hapo VPN inaweza kusaidia. Ya pili, kupunguza kasi mpaka picha haifunguki, halafu unaambiwa ni hitilafu. Hii ni ngumu kuithibitisha. Ya tatu, kuzima mtandao wote. Hapo VPN haina kazi. VPN ni kama kujifunika shuka ukipita barabarani. Barabara yenyewe ikiondolewa, shuka halikufikishi popote.

16/ Wengine husema, "Wanaacha mifumo muhimu wazi, benki na forodha." Kweli, inawezekana kuacha mifumo fulani. Mwenye trela ana ajenti, ajenti ana mfumo wa forodha, mfumo una mtu wa kupigia simu serikalini. Lakini orodha ya "mifumo muhimu" huandikwa na nani? Sijawahi kusikia grupu la WhatsApp la akina mama wa nyanya limewekwa kwenye hiyo orodha. Na ndilo mfumo wao wa forodha, benki na soko.

17/ Hoja ya pili, na hii naiheshimu: usalama. Wakenya hatuwezi kujifanya hatujui. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, SMS za chuki zilitembea, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tulio huku magharibi tuliona familia zikivuka kwenda Uganda na magodoro kichwani. Mtu aliyeona hayo akisema "bora wazime", usimwite mjinga. Ana sababu.

18/ Lakini angalia kilichotokea wakati huo. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007. Vurugu hazikuisha kwa marufuku hiyo, ziliendelea Januari yote hadi Februari. Kuhusu SMS, kulikuwa na wazo la kuzima huduma yote. Safaricom ilishawishi serikali isizime, na badala yake wateja wakatumiwa jumbe za amani. Na Januari 2008 Wakenya wachache wakatengeneza Ushahidi, ramani ya mtandaoni ambapo raia waliripoti vurugu ziko wapi. Simu zile zile zilizobeba chuki zilibeba onyo.

19/ Baada ya hapo tukatunga sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008, inayofanya matamshi ya chuki kuwa kosa la mtu aliyeyatamka. Hapo ndipo tofauti iko. Kumshtaki anayechochea ni kumwadhibu mmoja kwa alichofanya. Kuzima mtandao ni kuadhibu mamilioni kwa jambo ambalo mtu fulani huenda angefanya. Baba wa kijiji akisikia kuna mwizi mmoja hafungi kisima cha wote.

20/ Hoja ya tatu: Katiba. Ya Kenya, kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, na kinataja kisichokubaliwa: propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, cha 35 haki ya kupata habari. Kifungu cha 24 ndicho watu husahau: haki ikipunguzwa, lazima iwe kwa sheria, kwa sababu ya maana, na kwa njia isiyozidi kiasi kama kuna njia nyepesi. Kuzima nchi nzima kupita mtihani huo ni kazi.

21/ Afrika nayo imesema. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwenye azimio lake la misingi la mwaka 2019, inasema mataifa yasikate mtandao kwa umma wala kwa sehemu yake. Machi 2024 ikapitisha azimio jingine mahususi kuhusu kuzima mtandao wakati wa chaguzi. Na Juni 2020 mahakama ya nchi za Afrika Magharibi, ECOWAS, iliamua kwamba Togo ilivunja haki ilipozima mtandao mwaka 2017, ikaamuru walalamishi walipwe. Kwa hivyo mtu akikwambia "hiyo ni mambo ya wazungu", mpe hizo tatu.

22/ Kabla Wakenya hatujaanza kucheka majirani, tujikague. Tarehe 24 Juni 2024, mdhibiti wetu, Mamlaka ya Mawasiliano, alisema hana mpango wa kuzima mtandao. Tarehe 25, siku ya maandamano makubwa, mtandao ulidorora nchini. Safaricom ilisema ni hitilafu za nyaya za chini ya bahari. Wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Mimi sitaki kubishana kuhusu kilichotokea ndani ya nyaya. Nataka uone kilichotokea Uganda.

23/ Siku hiyo mtandao uliyumba Uganda na Burundi pia. Kwa nini? Uganda haina bahari. Nyaya kubwa kama SEACOM na TEAMS hutua Mombasa, halafu sehemu kubwa ya mtandao wao husafiri kwa nyaya zinazopita Kenya hadi huku mpakani. Kwa hivyo swichi si ya nchi moja. Ya kwao ikizimwa sisi tunakwama, na yetu ikiyumba wao wanakwama. Huku hakuna anayeweza kusema "hayo ni mambo yao ya ndani".

24/ Novemba 2024, Telegram ilizuiwa Kenya wakati wa mitihani ya KCSE, ati kuzuia wizi wa mitihani. Mei 2025 Mahakama Kuu ikatoa amri ya muda kuwazuia mdhibiti na kampuni za simu kukatiza mtandao wakati kesi inasikizwa. Juni 25, 2025 mdhibiti akaagiza vituo visitangaze maandamano moja kwa moja, na mahakama ikasimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo. Unaona mtindo: mkono unaenda kwa swichi, mahakama inaupiga kofi. Mahakama ikichoka siku moja, tutakuwa wapi?

25/ Na Tanzania, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa kwa siku kadhaa. Wenye jamaa Dar na Mwanza mnakumbuka kupiga simu bila kujua mtu yuko hali gani. Kwa hivyo tukiuliza kuhusu uchaguzi, hatuoti. Najua kwamba katika chaguzi za Uganda za 2016 na 2021, wafanyabiashara wa huku walijulia kwa skrini.

26/ Hoja ya nne, hii iko ndani ya nyumba yetu: sheria ya makosa ya mitandao. Ya mwaka 2018 ilipotungwa ilisema ukichapisha habari za uongo kwa kujua, kiasi cha kuleta hofu au vurugu, unaweza kufungwa hadi miaka 10 au faini hadi milioni 5. Yule wa ile sauti ya boda angeingia hapo. Sawa. Tatizo ni maneno yanapokuwa mapana. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kinafunga watu kwa "kutumia vibaya" simu, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua mpaka wake uko wapi.

27/ Oktoba 2025 sheria hiyo ya 2018 ikarekebishwa. Adhabu ya kusumbua mtu mtandaoni inafika faini ya milioni 20 au miaka 10, na maneno ya kosa yakaongezwa. Kamati ya taifa ya usalama wa mitandao ikapewa uwezo wa kuagiza tovuti zifungwe. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda kile kipande cha kusumbua mtu. Swali la kuuliza ni lile lile la swichi: ni nani anayeamua kwamba hili ni kosa, jaji ama ofisi? Na anaamua kabla ama baada ya kusikiza upande wa pili?

28/ Watu watauliza, "Sasa wewe unataka nini?" Nataka vitu vitatu. Moja, agizo lolote la kufunga kitu mtandaoni litolewe kwa maandishi, hadharani, na jaji aliangalie kwanza. Mbili, pesa za simu zisiguswe kamwe. Hakuna uchaguzi unaolindwa kwa kumzuia mama kulipwa mahindi. Tatu, Jumuiya ya Afrika Mashariki iseme jambo. Tuna kituo kimoja cha pamoja cha mpakani Busia na kingine Malaba, afisa wa Kenya na wa Uganda wanakaa jengo moja. Haiwezekani barabara iwe ya pamoja na giza liwe la mmoja.

29/ Wakati tunangoja wakubwa, haya ni ya kwako wewe wa huku, kabla ya uchaguzi:
- Andika namba za simu za wateja na madereva kwa daftari. Si kwa simu, kwa daftari.
- Kubalianeni sasa kwamba WhatsApp ikienda mtatumia SMS na simu ya kawaida, na saa ngapi.
- Usiache pesa yote kwa laini ya ng'ambo wiki hiyo. Toa ya matumizi mapema.
- Risiti na makaratasi ya mzigo, chapisha.

30/
- Usisajili laini kwa kitambulisho chako ukampa mtu usiyemjua, hata akilia. Akifanya kosa nayo, jina litakaloonekana ni lako. Akitaka kuongea na nyumbani, mpe simu yako aongee ukiwa hapo.
- Ukitumiwa sauti ya kutisha bila jina, bila mahali, bila saa, usiisukume mbele. Piga simu kwa mtu mmoja aliye getini. Mmoja tu anatosha.

31/ Hiyo ya mwisho ndiyo nimejifunza kwa aibu. Serikali ilizima, lakini sauti ile ilipita mikononi mwetu. Mimi mwenyewe niliituma kwa grupu mbili. Nikidai swichi isizimwe, lazima pia nikubali kwamba kidole changu ni swichi. Anayetaka kuzima huwa anatuonyesha sisi na kusema, "Si mnaona wanavyotumia?" Tusimpe mfano.

32/ Toto bado yuko sokoni. Juzi nilimpelekea daftari dogo, tumeandika namba kumi na mbili za watu wa ng'ambo, kwa maandishi makubwa kwa sababu macho yamechoka. Ameniambia safari hii akisikia boda imefungwa atapiga simu kwanza, na nisipopokea atatembea mwenyewe hadi getini kuangalia.

Kama uko Malaba au Busia, upande wowote, weka hapa chini 2016 au 2021 ilikupata wapi na ulipoteza nini. Mjadala huu una sauti nyingi za Nairobi na Kampala. Zetu ziingie pia, wakati mtandao bado uko.